Injini imeanza kunoki, ukaguzi uko mlangoni: shajara ya kubadilisha beringi

Siku 24 kabla ya ukaguzi

Taa ya oili imewaka leo. Haikuwaka moja kwa moja. Ilipepesa mara tatu nikiwa nimesimama, injini imeshapata moto na inanguruma sailensi, yaani bila kukanyaga mafuta. Nikikanyaga mafuta kidogo inazimika, nikiachia inapepesa tena. Kwenye dipstiki oili iko juu ya nusu, kwa hiyo tatizo si oili kupungua.

Gari ni la petroli, injini ya silinda 4, lita 1.8, limetembea kilomita 231,000. Nililichukua likiwa na 198,000. Tarehe ya ukaguzi nilishaipanga na sitaki kuisogeza. Naanza kuandika leo kwa sababu najua siku zikibana nitashawishika kuruka vipimo, na kipimo kisichoandikwa ni rahisi kujidanganya kwamba kilifanyika.

Siku 23

Taa peke yake si ushahidi, maana swichi ya presha nayo huharibika. Nimeifungua swichi, nikafunga geji ya mkono kwenye tundu lake, nikaiacha injini hadi feni ya rejeta ikajiwasha mara mbili.

Ikiwa baridi: baa 3.4 sailensi. Anayepimia hapo ataondoka akiwa ameridhika, na atakuwa amekosea, kwa sababu oili baridi ni nzito na huficha mengi. Ikishapata moto sindano ilicheza kati ya 0.3 na 0.4 kwenye mizunguko 800 kwa dakika, na ikafika 1.5 tu kwenye mizunguko 3,000. Kitabu cha injini hii kinataka angalau 1.0 sailensi na 3.0 kwenye mizunguko 3,000. Swichi ni nzima. Ugonjwa uko ndani.

Halafu kuna sauti. Nikipandisha hadi mizunguko 2,200 hivi na kuachia mafuta ghafla, nasikia kugonga kukavu, ko-ko-ko, kwa sekunde moja au mbili. Kelele za valvu huenda nusu ya mwendo wa krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, kwa kuwa kamshafti, mhimili unaofungua valvu, huzunguka mara moja krenki inapozunguka mara mbili. Hii inakwenda na krenki yenyewe.

Jioni rafiki yangu alinipigia, nikamsimulia. Jibu lake ni lile ambalo kila mwenye gari amewahi kulisikia: "Kaka, mwaga hiyo oili, weka nzito, taa itazima. Pita ukaguzi kwanza, mengine utayaona mbele."

Ameniambia kwa nia njema, na kwa upande mmoja ana hoja: wakaguzi hawafungui injini. Wataangalia kama taa ya onyo inazimika, kama oili inavuja chini, na watapima moshi. Lakini kwa gari la petroli kipimo cha moshi mara nyingi hudai injini ishikiliwe kwenye mizunguko 2,500 hadi 3,000 kwa muda. Hapo ndipo konrodi iliyolegea, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, inapopata nafasi ya kuvunjika.

Nimekaa na hesabu hii usiku. Krenki ikizunguka haigusani na beringi, zile nusu mbili za bati lililopinda zinazoizunguka. Inaelea juu ya utando wa oili ambao inautengeneza yenyewe kwa kuivuta oili kwenye sehemu inayobana. Mwaka 1883 Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akijaribu beringi za magari ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili kutilia oili, oili ikapanda na kumwagika, akaziba kwa kigingi cha mti, na kigingi kikasukumwa nje. Presha iliyokuwa ikijizalisha humo ndani ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, na mwaka 1886 Osborne Reynolds akaeleza kwa hesabu ni kwa nini. Kazi ya pampu ni kuleta oili mlangoni tu. Kinachobeba uzito ni ule utando, na utando hutaka nafasi ndogo iliyopimwa.

Nafasi hiyo ikipanuka, oili hutoroka kandoni. Na haitoroki kidogo kidogo: kiasi kinachovuja hufuata nafasi ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu. Nafasi ikiwa mara mbili ya kawaida, uvujaji unakuwa mara 8. Oili yenye uzito maradufu inapunguza uvujaji huo kwa nusu tu, kwa hiyo bado unabaki mara 4. Geji itapanda, taa itazima, na pigo la konrodi litabaki palepale kwa sababu uwazi haujazibwa.

Sitaweka oili nzito.

Siku 22

Kutafuta silinda inayogonga. Wengi huchomoa koili ya plagi moja baada ya nyingine. Mimi nimechomoa waya wa nozeli, inayonyunyiza petroli, badala yake. Ukikata moto huku nozeli inaendelea kumwaga, petroli isiyoungua inakwenda moja kwa moja kwenye katalisti, kifaa cha kusafisha moshi, na kuichoma, na katalisti hiyo naihitaji siku ya kupimwa moshi.

Namba 1, hakuna tofauti. Namba 2, hakuna. Namba 3, kugonga kukapungua hadi karibu kupotea. Nikarudisha waya, kukarudi. Nimerudia mara nne ili nisijidanganye. Ni beringi ya konrodi ya silinda ya tatu, na presha ilivyo chini, wenzake nao hawako salama.

Kisha nimeichana filta ya oili. Nimetumia kikata filta cha gurudumu, kwa sababu msumeno wa chuma hutia unga wake mwenyewe na baadaye hujui kipi kilikuwemo. Karatasi nimeikunjua na kuisafisha kwa petroli ndani ya bakuli jeupe. Chini kumebaki vumbi linalometameta, na nikiligeuza juani lina rangi ya shaba. Sumaku haikulishika. Chuma kingenasa, shaba hainasi. Beringi nyingi zina mgongo wa chuma, juu yake tabaka la shaba au la aluminiamu, na juu kabisa ngozi laini yenye unene wa kama milimita 0.02. Ukiona shaba ndani ya filta, ngozi ile imeshakwisha.

Injini haitawashwa tena hadi kazi iishe.

Siku 20

Sampu, beseni la oili chini ya injini, imeshuka. Imechukua siku nzima kwa sababu fremu ya mbele inaizuia, ikabidi injini ining'inizwe kwa boriti kutoka juu. Gari limekaa juu ya stendi nne. Jeki naitumia kuinulia tu. Kulala chini ya gari linaloshikiliwa na jeki sikubali hata kwa dakika moja.

Nilidhani nitakuta beringi zilizochoka kwa umri. Kabla hata ya kugusa konrodi nikaona jambo jingine. Chujio la pampu, lile linalozama ndani ya sampu na kuvuta oili, limezibwa zaidi ya nusu na nyuzi za silikoni. Nyeusi, laini, zimejipanga kwenye wavu kama magamba. Aliyefungua sampu hii kabla yangu alipaka silikoni nyingi, iliyozidi ikaminywa ndani, ikakauka, ikakatika vipande na kufuata oili.

Nimekaa chini nikilitazama chujio lile kwa muda mrefu. Kama ningeweka beringi mpya bila kushusha sampu nzima na kuchungulia, zingekufa vilevile. Naandika hili kwa herufi kubwa ukutani mwa karakana: BERINGI IMEUAWA NA NINI?

Kofia ya konrodi namba 3 nimeifungua. Nusu ya juu ya beringi, ambayo ndiyo hupokea pigo la moto kutoka kwa pistoni, ni shaba tupu katikati na ina mikwaruzo ya kuzunguka. Nusu ya chini ina afadhali. Namba 1, 2 na 4 zimefifia, bado hazijafika shaba. Kwenye beringi kuu, zinazoshika krenki kwenye bloku na ambazo mafundi huziita meni, mzigo hukaa upande wa chini, na kweli nusu za chini ndizo zilizolika, hasa ile ya katikati.

Mpango wangu ulikuwa kumaliza kila kitu kutoka chini bila kutoa injini. Inawezekana. Nusu za konrodi zinafikika, na nusu za juu za meni huzungushwa nje kwa kuingiza pini fupi yenye kichwa bapa kwenye tundu la oili la krenki, kisha krenki inageuzwa taratibu kwa mkono hadi nusu iteleze na kutoka, ile ncha yake ya kuzuia ikitangulia. Ila njia hiyo inafaa tu kama shingo za krenki ni nzima. Kesho maikromita itasema.

Siku 19

Vipimo vya shingo za konrodi, zile sehemu za duara za krenki ambazo konrodi hukamata, vyote kwa milimita. Kila shingo nimeipima sehemu mbili, mwanzo na mwisho, na kila sehemu pande mbili zinazokatana. Kitabu kinataka 44.984 hadi 45.000.

Namba 1: 44.992 kote.
Namba 2: 44.990 na 44.991.
Namba 3: 44.951 upande mmoja, 44.968 upande mwingine.
Namba 4: 44.988.

Shingo ya tatu imepungua na si duara tena. Tofauti ya pande zake ni 0.017. Ukucha ukipita juu yake unakwama. Nilifanya pia kipimo cha Plastigage, ule uzi wa nta unaobanwa kati ya beringi na shingo kisha unasomwa kwa upana wake. Ule wa kijani husoma 0.025 hadi 0.076 tu, na kwenye namba 3 ulibaki karibu na umbo lake, haukubanwa vya kutosha. Nikatumia mwekundu, unaofika 0.152. Ukasoma 0.11. Kitabu kinaruhusu 0.024 hadi 0.056.

Ukitumia Plastigage kumbuka mambo mawili: sehemu ziwe kavu bila oili, na krenki isizunguke hata kidogo baada ya kukaza. Nilisahau la pili kwenye namba 4, uzi ukapakwa kama siagi, nikarudia. Mara ya pili ukasoma 0.08.

Siku 18

Sijagusa spana leo. Nimekaa na karatasi.

Njia ya kwanza: kuweka beringi mpya za standadi nne, kupiga msasa laini shingo ya tatu, kufunga, kupita ukaguzi. Siku mbili. Nafasi ya namba 3 ingeshuka hadi kama 0.07 au 0.08, na kwa kuwa shingo si duara, ingepanuka na kubana kila mzunguko. Ngozi ya 0.02 ingelika tena.

Njia ya pili: kutoa injini, kuichonga krenki, beringi za saizi ya kwanza, yaani 0.25, nene zaidi ili kufidia milimita 0.25 zinazochongwa. Siku zinatosha kama hakuna kitakachokwama.

Ninayempeleka garini ni mama yangu, na ni barabara ndefu yenye milima. Nimechagua ya pili. Nimeandika namba ya simu ya ofisi ya ukaguzi pembeni, endapo nitalazimika kuomba tarehe nyingine. Kuahirisha ukaguzi ni usumbufu wa siku chache, konrodi ikitoboa bloku mlimani ni jambo jingine kabisa.

Siku 17 hadi 15

Injini nje. Giaboksi imetenganishwa, klachi imetoka, flaiwili imewekwa alama mahali ilipokaa. Silinda hedi imetoka pia, kwa sababu nataka pistoni na konrodi mezani na bloku tupu kwa kuosha. Kila kofia ya konrodi nimeichora namba upande uleule wa konrodi yake kabla ya kuifungua. Kofia hukatwa pamoja na konrodi yake kiwandani. Ukizibadilishana au kuzigeuza, tundu halikai duara.

Sina zaidi la kuandika kuhusu siku hizi tatu. Ni kufungua na kupanga.

Siku 14

Krenki imefika kwa fundi mchongaji. Ni mzee wa maneno machache. Aliipokea, akaiweka juu ya vitalu viwili vyenye umbo la V, akaizungusha chini ya geji ya saa kuona kama imepinda. Sindano ilitembea 0.02.

"Haijapinda, kijana. Nani aliyekuambia uchonge 0.25?"

Nikamwambia nimepima mwenyewe. Akachukua maikromita yake, akapima namba 3 kimya, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua vizuri: pembeni mwa kila shingo, inapokutana na ukuta wa krenki, kuna mviringo mdogo. Mchongaji mwenye haraka huuacha kona kali, na krenki huja kukatika hapo baada ya muda. Aliniahidi mviringo utabaki. Pia alipima matundu ya konrodi zote kofia zikiwa zimekazwa. Ya namba 3 bado iko ndani ya kipimo. Nilikuwa nimeshaanza kuihesabu kama imekwisha.

Amesema atachonga shingo zote nne za konrodi, si ile mbaya peke yake, ili seti moja ya beringi itumike. Za meni atazing'arisha tu, zimesoma 54.990 hadi 54.993 na ziko ndani ya standadi.

Siku 9

Krenki imerudi. Inang'aa. Mwangaza wa dirisha unaonekana umenyooka juu ya shingo zote nne.

Siku 8

Siku ya kuosha, na kwangu hii ndiyo siku muhimu kuliko ile ya kufunga. Krenki ina matundu yanayopeleka oili kutoka shingo za meni hadi shingo za konrodi. Baada ya kuchongwa, unga wa jiwe na chuma hujificha humo. Ukifunga hivyo hivyo, tone la kwanza la oili linausukuma moja kwa moja kwenye beringi mpya.

Nimepitisha brashi ndefu nyembamba kila tundu, mafuta ya taa, kisha maji ya moto yenye sabuni, kisha upepo wa kompresa, kisha kitambaa cheupe. Mara ya kwanza kitambaa kikatoka cha kijivu. Mara ya nne kikatoka cheupe. Bloku nimeifungua vizibo vya mifereji mikuu ya oili na kuifanyia vivyo hivyo. Nyuma ya kizibo kimoja nilikuta utepe wa silikoni wenye urefu wa ukucha wa kidole gumba.

Pampu ya oili: uso wa ndani umekwaruzwa kwa takataka zilizopita. Naiweka mpya. Chujio jipya. Kipoza oili nacho nakibadilisha, kwa sababu vijia vyake vya ndani havionekani na hakuna namna ya kuthibitisha kuwa kimekuwa safi.

Siku 7

Nimepima shingo mpya mwenyewe: 44.742, 44.741, 44.743, 44.741. Zote zimo ndani ya 44.734 hadi 44.750. Mzee yule anajua kazi.

Beringi za 0.25 nimezitoa kwenye boksi. Upande wa nyuma wa kila nusu umepigwa mhuri 025, ila moja mhuri wake umefifia, sikuweza kuusoma. Maikromita ya kawaida haipimi vizuri unene wa kitu kilichopinda, kwa hiyo nimeweka goroli la milimita 5 upande wa ndani na kupima vyote pamoja, kwa hiyo namba hizi zina 5 za goroli ndani yake.

Nusu saba: 6.614. Ile yenye mhuri uliofifia: 6.489.

Tofauti ni 0.125, ambayo ni nusu kamili ya 0.25. Ni nusu ya standadi iliyoingia kwenye boksi la saizi ya kwanza. Kwa macho zinafanana kabisa. Hata ukiziweka sambamba huoni. Kama ningefunga bila kupima, silinda moja ingekuwa na nafasi ya zaidi ya 0.16, mbaya kuliko ile iliyonifanya nifungue injini. Mikono ilinitetemeka kidogo nilipoandika namba hiyo.

Duka limekubali kubadilisha seti nzima. Ninasubiri siku mbili.

Siku 5

Seti mpya, nusu nane, zote 6.614 au 6.615.

Meni kwanza. Mgongo wa beringi na kitanda chake vimebaki vikavu na safi kabisa, oili haitiwi hapo. Beringi inashikwa na kubanwa na kofia. Oili au chembe ya vumbi nyuma yake huifanya ikae vibaya na isipoe. Plastigage ya kijani kwenye meni tano: kati ya 0.025 na 0.032. Konrodi nne: zote karibu na 0.038. Nimesafisha nyuzi zote, nikapaka mafuta mazito ya kufungia injini juu ya uso wa kila beringi, na sasa nikakaza kwa mara ya mwisho.

Bolti za meni na za konrodi ni za kunyooka, ambazo hukazwa mara moja na kutupwa, kwa hiyo zote ni mpya. Konrodi: Nm 30, kisha nyuzi 90 zaidi. Nyuzi hizo 90 nimetumia kipimo cha pembe. Ukikisia kwa jicho, kosa la nyuzi 15 ni rahisi sana.

Baada ya kila kofia nimezungusha krenki kwa mkono. Hili nalishauri kwa moyo wote: kaza moja, zungusha, kaza nyingine, zungusha. Ikikaza ghafla unajua ni ipi. Mchezo wa krenki mbele na nyuma umesoma 0.14 kwenye geji ya saa, na kitabu kinaruhusu 0.05 hadi 0.25.

Sampu nimeifunga kwa mstari mwembamba wa silikoni, milimita 3, ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Kilichominywa ndani kabla bolti hazijakaza nimekifuta kwa kidole.

Siku 3

Injini imeingia, hedi imefungwa na gasketi mpya, cheni ya taimingi imekaa kwenye alama. Geji ya mkono imerudi kwenye tundu la swichi.

Sijawasha mara moja. Plagi zote nje, koili zimechomolewa, fyuzi ya pampu ya petroli nje. Nikapiga stata sekunde 10, nikapumzisha dakika moja. Sindano kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu ikaruka hadi 1.8 na kukaa. Oili imefika kila mahali kabla ya moto wowote kuwaka juu ya pistoni.

Nikarudisha kila kitu na kuwasha. Ikashika mara ya kwanza. Nimesikiliza kwa bomba la mpira sikioni, upande wa sampu, silinda moja baada ya nyingine. Mngurumo tu.

Ikishapata moto: baa 1.6 sailensi, 3.9 kwenye mizunguko 3,000.

Nimempigia mama.

Siku 2

Kilomita 60 za kuzoesha, bila kuisukuma sana na bila kuiacha kwenye mwendo mmoja muda mrefu. Nikarudi, nikaiacha ipoe, nikalaza karatasi kubwa nyeupe chini ya sampu usiku kucha.

Siku 1

Karatasi kavu. Nimemwaga oili ya kwanza na kuweka filta mpya. Jambo hili lina faida mbili: takataka za mwanzo zinatoka, na oili iliyochanganyika na petroli haitapeleka mvuke wake kwenye njia ya hewa na kuharibu kipimo cha moshi kesho.

Mengine ya ukaguzi: taa zote, honi, waipa, mikanda, breki ya mkono. Balbu moja ya namba ya nyuma ilikuwa imeungua. Nusura niisahau kabisa.

Siku ya ukaguzi

Nimefika injini ikiwa ya moto, nimeiendesha nusu saa kabla, maana katalisti baridi haifanyi kazi yake. Taa ya oili iliwaka ufunguo ulipogeuzwa, ikazimika sekunde moja baada ya kuwasha. Mkaguzi alipita chini na kurunzi, akaigusa kingo ya sampu kwa kidole, akakitazama kidole. Kikavu.

Aliposhikilia mafuta kwenye mizunguko 2,800 kwa kipimo cha moshi, nilikuwa nimesimama karibu na gurudumu la mbele, upande wa silinda ya tatu. Nilisikiliza muda wote huo, na alipoachia mafuta nikasikiliza tena. Hakuna kilichogonga.

Limepita. Wameandika jambo moja la kufuatilia: tairi ya nyuma ya kulia imebaki milimita 2.1.

Kilomita 1,000 baadaye

Nimechana filta ya pili. Kwenye bakuli jeupe kumeonekana nywele mbili tatu za chuma ambazo sumaku imezinasa, nadhani ni za ringi zikijikalisha, na hakuna rangi ya shaba. Hakuna silikoni. Presha ya moto: 1.6 na 3.9, ileile. Tairi mbili za nyuma zimeshabadilishwa. Filta ijayo naichana kwenye kilomita 5,000, na nusu ile ya zamani ya namba 3, yenye shaba yake, nimeitundika kwa waya juu ya benchi.